Kibanio cha mkono cha shilingi 12,000, miezi mitano baadaye

Mimi ni msusi. Nilianza kusuka nikiwa na miaka 14 barazani kwa bibi, Ujiji, chini ya mwembe, na sasa nina saluni yangu ndogo Mwanga, hapa Kigoma: viti viwili, kioo kimoja kilichopasuka pembeni, na benchi la wanaosubiri. Rasta ndogondogo za kufika mgongoni zinachukua saa sita mpaka nane. Wiki ya Idi naweza kufunga kichwa kimoja saa nne usiku na kingine kikanigongea mlango alfajiri. Mikono ndiyo jembe langu, ndiyo maana nimeona niandike kuhusu hiki kidude, kibanio cha kufinya kiganjani ili kuupa mkono nguvu, kwa urefu kuliko kinavyostahili.

Mwishoni mwa mwaka jana mkono wa kulia ulianza kulegea. Maumivu hayakuwepo, ila nguvu ilikuwa inakwisha mapema. Chupa ya mawese ilinishinda kufungua mpaka nimwite mtoto wa jirani. Halafu mteja wangu mmoja wa siku nyingi, mama wa makamo, akaniambia akiwa bado kitini: "Mwanangu, leo mbona hujanivuta?" Miaka yote watu wanalalamika kwamba nawavuta, leo mtu analalamika kwamba simvuti. Nikajua kazi imeanza kuharibika. Nikajipa dawa mwenyewe: mkono umekosa nguvu, nikautafutie nguvu.

Duka liko jirani na soko la Mwanga, miongoni mwa yale yanayouza jezi, mipira, filimbi na raba za mitumba chumba kimoja. Jina nalihifadhi kwa sababu utaona mbele. Kijana akanisalimia "Shikamoo mama" (nina miaka 38, lakini marahaba), akatoa vibanio vitatu akavipanga kwenye kaunta. Cha kwanza cha chuma chenye springi nene, ambacho hata hakikutikisika mkononi mwangu. Cha pili bangili ya mpira ya kufinyafinya, shilingi 4,000. Cha tatu ndicho kilichonipendeza macho: cha plastiki nyeusi na chungwa, kina kitufe cha kuzungusha kinachoandikwa kilo 5 mpaka 60, na juu yake kihesabio kidogo. Kila ukibana, namba inapanda moja. Nikanunua hicho kwa 12,000 baada ya kushuka kutoka 15,000.

Sasa kihesabio hicho ndicho shetani mwenyewe. Nimefikiria sana nikaona tatizo langu lote lilianzia pale. Mtu wa kawaida akifinya kitu mkononi, mkono ukichoka anaacha. Ukiwa na namba mbele yako, huachi. Ukifika 94 unasema nimalizie 100. Ukifika 100 saa nne asubuhi unasema nikifika 200 kabla ya adhuhuri nitakuwa nimefanya la maana. Wiki ya kwanza nilibana mara 100 kwa siku nikiwa nimeweka kilo 20. Wiki ya pili mara 200. Wiki ya tatu nikapandisha kitufe mpaka 35, mara 300, tena siku zote saba, kati ya mteja na mteja. Mdogo wangu, mvuvi wa dagaa kule Kibirizi, alikuja kunisalimia akakikuta mezani. Akabana mara 500 papo hapo huku anakunywa soda, akanirudishia na kusema, "Dada, hiki ni cha watoto." Unadhani nililala usiku ule?

Na nikiri kilifanya kazi. Chupa ya mawese ilifunguka. Nikipeana mkono na watu wanaruka. Kigasha kikajaa kidogo, shati la mikono mirefu likaanza kubana. Kama ningeandika maoni haya mwisho wa wiki ya tatu ningekipa nyota tano na picha.

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, nilinyanyua kikombe cha chai nikakirudisha mezani haraka. Kuna mfupa unaotokeza upande wa ndani wa kiwiko, ule unaogusa mbavu ukishusha mkono. Pale palikuwa kama pametiwa kaa la moto. Nikakaza roho nikasuka siku mbili zaidi, kwa sababu mteja alishalipa nusu. Siku ya tatu kuchana nywele tu ikawa adhabu.

Mtaani kwetu kila kinachouma mkononi ni mshipa. Mshipa umeruka, mshipa umejikunja, mshipa umeingia baridi. Nilichuliwa na mama mmoja hodari kwa mawese ya moto, nikapata nafuu ya nusu saa. Mwishowe nikaenda hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na huyu ndiye aliyenifanya nielewe kifaa nilichokuwa nacho kuliko karatasi iliyokuja ndani ya boksi.

Aliniambia nishike kigasha cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha nichezeshe vidole. Jaribu na wewe hapo ulipo. Utasikia vitu vinacheza chini ya ngozi, karibu kabisa na kiwiko. Vidole vyenyewe havina misuli ndani yake; vinavutwa kwa mbali, kama kamba ya tanga, na misuli iliyoko kigashani. Kamba hizo ndizo kano. Tisa kati yake zinapita pamoja na mshipa mmoja wa fahamu kwenye njia nyembamba pale kifundoni, upande wa kiganja. Na misuli mingi inayofunga ngumi imejishika, kwa kano pia, kwenye mfupa uleule wa ndani ya kiwiko uliokuwa unaniunguza. Kwa hiyo mimi nilikuwa nafinya kiganjani, mzigo unakwenda kutua kiwikoni.

Tena msuli na kano havikui kwa mwendo mmoja. Msuli una damu nyingi, ukiutaabisha unaitikia ndani ya wiki chache. Kano ina damu kidogo, inajijenga taratibu, inahitaji miezi. Katikati hapo ndipo watu wanapoumia, wakati msuli umeshakuwa na nguvu ya kuvuta ambayo kano haijawa tayari kuibeba. Nilipomweleza mdogo wangu alielewa haraka kuliko mimi: "Yaani umefunga mashine ya farasi 40 kwenye boti ya zamani." Hasa hivyo. Mashine haina kosa, mbao ndizo zinazoachia.

Yeye mwenyewe alikuwa na ushahidi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, alikaa miezi mitatu bila kuvuta kamba ya wavu, akasaidia shamba la muhogo kidogo na kucheza bao sana. Lilipofunguliwa, usiku wa kwanza akavuta kama alivyoacha. Wiki nzima kidole cha pete kilikuwa kinanasa: anakikunja, hakikunjuki, anakinyoosha kwa mkono mwingine kinatoa mlio. Alidhani ni baridi ya ziwani. Kumbe mkono uliopumzika miezi mitatu ulirudishiwa mzigo wote kwa usiku mmoja. Angeanza na zamu fupi, au angepokezana kamba na wenzake wiki mbili za mwanzo, pengine asingeonana na balaa hilo.

Daktari wangu huyo wa mazoezi ya tiba aliniuliza swali moja ambalo sikulitegemea: kama siku za karibuni nimetumia sipro, ile antibiotiki. Nilikuwa nimeitumia, tena nilinunua mwenyewe duka la dawa kwa ajili ya tumbo. Dawa za ukoo huo, siprofloksasini na ndugu zake, zinajulikana kuongeza hatari ya kano kuvimba na hata kukatika. Hakusema ndiyo iliyoniumiza. Alisema ukiwa unaitumia, au umetoka kuitumia, siyo wakati wa kushindana na vibanio, na usijiandikie dawa hiyo mwenyewe. Hilo kwenye boksi la kibanio halipo, nami sikuwahi kusikia mtu wa mazoezi akilitaja.

Akanipima pia kidole gumba. Unakifungia ndani ya ngumi, halafu unainamisha kifundo upande wa kidole cha mwisho. Kama kano za gumba zina uvimbe, utaruka. Mimi niliruka kidogo. Wasusi wengi nadhani tungeruka.

Nikirudi kwenye kifaa, maana haya ni maoni ya bidhaa.

Zile kilo ni za kusadikika. Nilishuku, nikamwita mdogo wangu tukaupima ukweli. Tuliufunga mpini mmoja kwenye mguu wa benchi kwa kamba, mpini mwingine tukatundika ndoo ya lita 20 kwa ukanda, ukanda huo ukiwa katikati ya mpini, pale kinapokaa kidole cha kati. Kitufe tukakiweka kwenye kilo 30. Tukamimina maji kwa jagi la lita moja, kila lita ni kilo moja. Mipini iligusana ndoo ikiwa na lita 17. Weka na uzito wa ndoo yenyewe, ni kama kilo 18. Tukasogeza ukanda mpaka ncha ya mpini, mbali na bawaba. Ikafunga kwa lita 12. Kifaa kilekile, kitufe kilekile, na namba mbili tofauti kwa sababu ya mahali mzigo ulipokaa. Maana yake ukikishika karibu na bawaba leo na kesho ukakishika kwenye ncha, unaweza kujisifu umeongeza nguvu kumbe umeongeza mkono wa nyenzo. Ukiambiwa na mtu "mimi nabana 60", muulize vidole vyake vinakaa wapi.

Kasoro ya pili ni upana. Mikono yangu ni midogo. Mpini ukiwa wazi kabisa, kidole changu cha mwisho kinashika kwa ncha tu, na hapo ndipo springi inaanzia kusukuma. Hiyo ni kuvuta kano ikiwa kwenye mkao mbaya kabisa. Mwanaume wa mkono mpana hatalisikia hili. Wanawake wenzangu, kabla hujalipa, kikamate dukani uone kama vidole vyote vinne vinazunguka mpini kabla hujaanza kubana. Vikiwa havizunguki, rudisha kaunta.

Ya tatu, kitufe kinarudi chenyewe. Nikiweka 25, baada ya mibano 50 nakuta 22. Kwa aliyeumia siyo hasara kubwa, lakini usitegemee rekodi zako. Sponji ya mpini ikipata mafuta ya nywele inateleza kama kambale. Springi ilianza kulia mwezi wa tatu, nadhani kwa unyevu wa ziwa. Kijana wa duka alinibadilishia bila kelele, namshukuru, ingawa aliniambia pia eti kiwiko kinauma kwa sababu "bado kinazoea, ongeza kilo". Hapo ndipo nilipoona bora jina la duka lisitajwe.

Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu vibanio vya chuma vya Marekani vinavyoitwa Captains of Crush. Namba 1 ni pauni 140, Namba 3 ni pauni 280, Namba 4 ni pauni 365, yaani zaidi ya kilo 165. Joe Kinney aliifunga mwaka 1998. Kinachonivutia kwenye vile ni kwamba havina kitufe wala kihesabio. Unafunga au hufungi. Mdogo wangu anavitaka. Nimemwambia anunue kwanza simu isiyopasuka kioo.

Nilivyorudi kazini ilikuwa hivi. Kibanio kilikaa kabatini, nami siku kumi za mwanzo nilipokea vichwa vifupi tu: twende kilioni, mabutu ya watoto wa shule, kazi za saa moja au mbili. Sikuacha mkono kabisa. Daktari alisema kano ikilazwa muda mrefu nayo inadhoofika. Nilikuwa nakunja taulo dogo, nalifinya kwa nusu ya nguvu, natulia hapo sekunde 30 mpaka 45 bila kusogeza kitu, mara tano kwa siku. Kipimo changu kilikuwa maumivu: sifuri mpaka kumi, yasivuke tatu, na kesho yake asubuhi nikiamka yawe yameisha. Yakibaki mpaka asubuhi, jana nilizidisha. Ni kanuni nyepesi na imeniokoa mara nyingi kuliko namba yoyote ya kwenye plastiki.

Baada ya wiki tatu kibanio kikatoka kabatini, kikiwa na plasta juu ya kihesabio. Kilo 10 za kitufe. Mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, na siku za katikati mkono unapumzika. Kubana polepole nikihesabu tatu, kuachia polepole zaidi nikihesabu nne, mara nane, napumzika dakika mbili, narudia mara mbili tena. Mikono naiosha kwanza kwa maji ya vuguvugu. Kifundo kimenyooka, maana ukikikunja huku unabana unazifinya kano pale kwenye ile njia nyembamba. Uzito naongeza baada ya wiki mbili, kidogo tu, na nikiwa na kazi ya rasta ndefu siku hiyo, sifanyi. Hilo la mwisho watu wanalisahau. Saa saba za kusuka ni mazoezi tayari. Mwili hautofautishi mibano ya kulipwa na ya bure.

Kilichonishangaza zaidi ya yote ni mpira wa shilingi 500. Fundi baiskeli alinikatia kipande cha tyubu chembamba kama bangili. Unakusanya ncha za vidole vyote vitano, unakivalisha, halafu unafungua mkono kama unayeonyesha tano, unakaa sekunde mbili, unarudi taratibu. Mara 15 hadi 20. Misuli inayofungua vidole iko mgongoni mwa kigasha na imejishika upande wa nje wa kiwiko. Msusi, mvuvi, fundi, wote tunafunga mkono kutwa, hakuna anayeufungua kwa nguvu. Wiki mbili za tyubu na ule uchovu wa jioni ulipungua kuliko mwezi mzima wa kibanio.

Nilijaribu pia ndoo ya mchele: unatumbukiza mkono, unafungua na kufunga ndani yake. Ni nzuri na haiumizi, ila mdogo wangu aligoma kuula ule mchele baadaye. Mchanga wa ziwani usijaribu kama unashika vichwa vya watu. Unakaa kwenye kucha siku mbili.

Halafu jambo ambalo ningelijua mapema nisingenunua kabisa. Kibanio kinafundisha kukaza ngumi. Kazi yangu haina ngumi. Kusuka ni kufinya, gumba dhidi ya kidole cha shahada, kwa nguvu ndogo, maelfu ya mara. Kubeba madumu ya maji ni jambo jingine tena, kuning'iniza mzigo bila kuachia. Nguvu hizo tatu ni ndugu lakini hazilali kitanda kimoja. Kwa kufinya sasa natumia kipande cha ubao chenye tundu: nafunga kamba, natundika chupa ya maji ya lita moja na nusu, nakibana kwa gumba na vidole, nakinyanyua sekunde 20. Nimefika chupa mbili. Kwa kubeba, nachota maji mwenyewe badala ya kumtuma mtoto, dumu la lita 10 kila mkono, natembea nimenyooka.

Kwa kipimo cha nyota: kibanio nakipa mbili na nusu. Moja kwa bei, moja kwa sababu kikiwa kilo 10 na bila kihesabio kinafaa kweli, nusu kwa kijana kunibadilishia springi. Bangili ya mpira ya 4,000, ambayo nilirudi kuinunua, tatu na nusu. Haina namba, inafaa mkono mdogo. Tyubu, tano. Mvuvi au fundi mwenye mkono mpana anaweza kukipa kibanio zaidi, mradi aanze chini. Ukisikia mlio wa "pa!" kidoleni na uvimbe ukafuata, au usiku gumba, kidole cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, weka vifaa vyote hivi chini uende hospitali. Hayo siyo ya kufanyia mazoezi.

Kiwiko sasa ni moja kati ya kumi siku za kazi nyingi, sifuri Jumapili. Yule mama wa makamo alirudi wiki iliyopita, akashika kichwa mara mbili, hakusema kitu. Kibanio nimempa mdogo wangu akipeleke Kibirizi cha kuchezea siku za mbalamwezi wasipoingia ziwani. Nilimkabidhi na plasta yake. Jana nimepita kumsalimia, plasta ameshaibandua, kihesabio kinasoma 812, na ilikuwa bado saa tatu asubuhi.